Maji Juu ya Plasta

Kituoni walimwita Kobe, na si kwa sababu ya shingo yake tu. Inspekta alikuwa mtu wa kwenda polepole, wa kuuliza swali moja mara tatu, na kwa miaka ishirini na miwili mwendo huo ulimfikisha mahali ambapo wenye mbio hawakufika. Siku aliyofanya haraka ilikuwa moja tu, nayo ni Jumanne hiyo. Saa sita mchana alimtia pingu nesi wa wodi ya watoto njiti mbele ya akina mama wenye watoto, kwa sababu mtoto wa kike wa gramu mia tisa na themanini alikuwa amefia kwenye mashine ya kupumulia, na baba yake alikuwa amesimama mlangoni akidai haki. Mtoto alizaliwa pacha. Mwenzake wa kiume bado alikuwa wodini.

Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi, na Mkuu wa kituo alitaka jalada liwe mezani kwake kabla ya saa tisa alasiri. Kesho yake nesi angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Kesi ilionekana nyepesi. Ripoti ya uchunguzi wa mwili ilikuwa na mistari mitatu: pafu la kulia limetoboka, hewa imejaa kifuani, moyo umesukumwa upande. Mashine iliongezwa nguvu, aliyeiongeza ni nesi, na mwenyewe hakukana. Kilichobaki ni kuandika, na Inspekta aliposhika kalamu ndipo alipokumbuka kwamba katika kesi hii hakuwa ameuliza swali lolote mara tatu. Akaifunga kalamu, akaenda hospitali.

Alianza na fundi wa mashine, aliyemkuta kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, katikati ya nyaya na mashine mbovu zinazosubiri vipuri. Fundi alimweleza kwamba mashine ya kupumulia ya watoto ni moja tu hospitali nzima, kwamba yeye anaijua kuliko anavyomjua mkewe, na kwamba mkewe ana habari hizo. Kisha akatoa kipande kirefu cha karatasi kilichochapwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine. Iliwashwa saa tatu kamili asubuhi, msukumo wa hewa wa kila pumzi ukiwa kumi na sita. Saa tatu na dakika kumi na mbili ukapandishwa hadi ishirini na sita. Saa nne kasoro dakika tano ikazimwa.

"Ishirini na sita ni nyingi?" Inspekta aliuliza.

"Kwako wewe, afande, haipozi hata chai. Kwa njiti muulize daktari. Mimi najua mashine, mapafu siyajui."

Daktari wa watoto alikuwa kwenye korido, anakunywa chai iliyopoa akiwa amesimama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa plasta. Inspekta alipotaja ishirini na sita, hakushtuka. Alimweleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Mapafu ya mtoto aliyezaliwa kwa mimba ya wiki ishirini na nane bado hayana ule utelezi unaoyazuia kugandana. Kila akitoa pumzi yanajifunga kama mfuko wa plastiki uliolowa, na kila akivuta inambidi ayabandue upya, mpaka achoke. Kwa hiyo kanuni ya wodi yake ni kutotumia nguvu. Mtoto huanzishiwa mapovu: mpira mmoja unamletea hewa puani, mwingine unaitoa na kuishia ndani ya chupa ya maji. Ncha ya mpira ikizama sentimita tano, hewa haitoki mpaka iyashinde hayo maji ya sentimita tano, na kizuizi hicho kidogo ndicho kinachoyashikilia mapafu yabaki wazi. Mashine huja mwisho kabisa, mapovu yakishindwa, na hata hapo kwa pumzi ndogondogo. Pumzi moja ya mtoto yule, daktari akasema, haijazi kijiko cha chai.

"Basi aliyempa ishirini na sita alimpasua," Inspekta akasema.

"Alikuwa anaona kifua hakinyanyuki. Angefanya nini? Kuchoma sindano ya kutoa hewa ni kazi yangu, na mimi nilikuwa chumba cha upasuaji na mama anayevuja damu."

Akaingia ofisini, akatoka na picha ya eksirei, akaielekeza dirishani. Upande wa kulia wa kifua, palipotakiwa pawe na pafu, palikuwa peusi tupu. Pembeni palikuwa na saa ambayo picha ilipigwa. Inspekta aliisoma, akaisoma tena, kisha akaisoma kwa sauti. Saa mbili na dakika hamsini. Pafu lilikuwa limekwisha kutoboka dakika kumi kabla mashine haijawashwa.

Alimuuliza kwa nini hakusema. Daktari akamjibu kwamba alisema. Aliikuta picha mezani Jumanne jioni, akaiandikia barua, na jana asubuhi barua ikapelekwa kituoni kwa mkono. Inspekta aliiona bahasha hiyo jana. Ilikuwa kwenye trei ya Mkuu, chini ya ratiba ya gwaride.

"Kama si mashine, ni nini?"

"Wakati mwingine ni bahati mbaya tu. Wakati mwingine ni msukumo uliozidi."

"Msukumo gani tena, na umesema mapovu ni sentimita tano?"

"Ni tano maji yakiwa kwenye plasta. Kila chupa ina plasta imebandikwa nje, ndiyo alama."

"Nani anaangalia plasta?"

"Nesi," daktari akasema. "Mimi naangalia kifua." Alilisema jibu hilo kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Kabla hajaongeza neno, mkunga alimwita kutoka mwisho wa korido, naye akaacha kikombe juu ya benchi akaondoka mbio.

Wodi ya njiti ilikuwa ghorofa moja juu. Inspekta angeweza kupanda ngazi akaiangalia chupa ya pacha aliyebaki. Hakupanda. Chupa aliyoitaka yeye ni ile ya marehemu, nayo ilikuwa kituoni kwenye mfuko wa vielelezo. Baadaye alizihesabu zile ngazi, akakuta ni ishirini na nne.

Nesi aliletwa kutoka mahabusu akiwa bado na sare yake, bila mkanda wala saa. Wodini akina mama walimwita Dada Povu, kwa sababu kila mama mpya alimshika mkono, akampeleka kwenye chupa na kumfundisha jambo moja: mapovu yakichemka mtoto anapata pumzi, yakinyamaza niite. Vitanda vilikuwa kumi na vinane na nesi mmoja. Macho ya akina mama yalikuwa ndiyo macho yake.

Inspekta aliiweka chupa mezani, ndani ya mfuko wake wa plastiki. Dada Povu aliitazama kidogo tu, akasema, "Ni mimi."

Alieleza bila kuulizwa. Jumapili na Jumatatu alikuwa mapumzikoni, na wodi ilishikwa na nesi wa kuazima kutoka wodi ya wazee. Jumanne aliingia saa moja akakuta zogo, akaongeza maji kwenye chupa nne kwa haraka huku akiongea na simu ya maabara. Saa mbili na nusu mtoto akabadilika rangi. Ndipo alipoona maji yamefika shingoni mwa chupa, sentimita kumi badala ya tano. Akayamwaga, akaagiza picha, akaita daktari, akampeleka mtoto mashineni. Muda ulikuwa umeshapita.

"Jumanne hukuniambia habari za chupa."

"Uliniuliza kitufe cha mashine, afande. Nikakujibu kitufe." Akaongeza, "Na nilijua nimeua. Niliona ukinifunga kwa hiki au kwa kile, yote sawa."

Inspekta aliinyanyua chupa. Alianza kuizungusha polepole kama kawaida yake, na katika mzunguko wa tatu mwanga wa dirisha ukaangukia kwenye kioo. Juu ya plasta, mpaka karibu na shingo, kulikuwa na mistari myembamba myeupe kama chokaa, mmoja juu ya mwingine. Akamwuliza ni nini.

Dada Povu akaisogelea. Alipitisha kidole juu ya plastiki, mstari hadi mstari. "Maji yetu hayaachi alama," akasema taratibu. "Yamesafishwa, hayana chumvi hata kidogo. Ukiyaacha yakauke kioo kinabaki kitupu. Haya ni ya kisima."

"Mistari hii inachukua muda gani kujichora?"

"Joto la wodi ile, siku mbili. Tatu."

"Na siku hizo wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa nyumbani. Inspekta alisubiri auone mzigo ukimtoka usoni mwanamke yule, lakini Dada Povu alikuwa amesimama, rangi imemwisha. Kama si yeye aliyejaza, basi aliyejaza yuko wodini bado, na anajaza bado.

"Ya mwenzake mmeiangalia?"

Jumanne ileile, alisema, alimwomba askari wa zamu apige simu wodini waangalie chupa ya pacha wa kiume, asije akawa aliijaza vibaya nayo. Askari aliitwa. Alikiri kwamba alipiga. Iliita mpaka ikakatika, akaona atapiga baadaye, zamu yake ikaisha. Inspekta akapiga mwenyewe palepale, na simu ikaita mpaka ikakatika. Kisha akaandika kwenye kitabu kwamba anamtoa mtuhumiwa kwenda kuonyesha eneo la tukio, akamwongoza garini. Hakumfunga pingu.

Wodi ilikuwa na joto la kukausha nguo. Chupa kumi na saba zilikuwa zinachemka kwa sauti ndogo, na kitanda kimoja kilikuwa kimetandikwa upya. Nesi wa kuazima alikuwa upande wa mbali, anahangaika na mshipa wa mtoto, na simu mezani ilikuwa imefunikwa na lundo la shuka.

Mama Pacha alikuwa ameinama kwenye kitanda cha tatu. Alikuwa mwanamke mdogo, kanga yake imefungwa kwa uangalifu, miguu imevimba kwa kukaa kwenye kiti siku tisa. Mkono wa kushoto alishika chupa isitikisike. Mkono wa kulia alikuwa na kifuniko cha chupa ya chai, anamiminia maji kidogokidogo, kama mtu anayepima dawa. Maji yalikuwa juu ya plasta kwa vidole vitatu.

Alipomwona Dada Povu alikiacha kifuniko, akajiweka kati yake na mtoto.

"Huyu asimkaribie wangu."

"Sitamgusa," Dada Povu akasema, akainua mikono yote miwili juu. "Mama Pacha, sisogei. Mwaga maji wewe mwenyewe. Mwaga mpaka yafike kwenye plasta."

"Ili naye afe?"

Inspekta hakusubiri. Aliishika chupa kwa mikono yake isiyozoea, akaiinamisha juu ya beseni mpaka maji yakafika kwenye alama. Mapovu yakapunguza kelele, na mama akaanza kulia kwa sababu yalipunguza kelele. Mtoto alikuwa na rangi ya majivu. Upande mmoja wa kifua ulikuwa umeinuka na haushuki, na kila pumzi ilitoka na mguno mdogo.

Daktari aliitwa, akafika na damu ya mtu mwingine kwenye aproni. Aliomba tochi. Ya wodi haikuwa na betri, kwa hiyo Inspekta akaichomoa yake kiunoni. Wakavuta pazia na kukifunika kitanda kwa shuka. Daktari aligusisha tochi kwenye mbavu za kushoto, ikaonekana duara ndogo ya mwanga kama sarafu. Akaigusisha kulia, na upande wote ukawaka mwekundu, kuanzia kwapani hadi kiunoni. Hapakuwa na pafu la kuzuia mwanga. Palikuwa na hewa tupu.

Akachoma sindano katikati ya mbavu mbili, akaunganisha mpira mwembamba, na ncha yake akaizamisha kwenye bakuli la chuma lenye maji. Hewa iliyokuwa imemkaba mtoto ikaanza kutoka, moja, mbili, kisha mfululizo.

"Mapovu," Mama Pacha akasema. Akajifuta macho kwa pindo la kanga, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akatabasamu. Hakuna aliyemweleza kwamba mapovu hayo si yale.

Pembeni, daktari alimwambia Inspekta ukweli kwa sauti ya chini. Mapigo ya moyo yamerudi juu, lakini mapafu yametanuliwa na msukumo mara mbili ya kiasi kwa siku kadhaa. Sasa hana budi kwenda mashineni, kulekule alikofia dada yake. Angempa nusu kijiko kwa pumzi, hata kama damu haitapata hewa ya kutosha, kwa sababu akiongeza atamaliza kuyararua. Mkononi alikuwa na njia mbili tu, na zote mbili mbaya. "Usimwahidi chochote," akasema, akarudi kitandani.

Inspekta akakaa na Mama Pacha kwenye benchi la korido, akafungua karatasi ya maelezo. Alimuuliza polepole, na mama alijibu kila kitu kwa sababu hakuona cha kuficha. Mama wa kitanda cha dirishani, aliyekaa wodini siku hamsini, ndiye aliyemwonyesha. Joto linakausha maji, maji yakishuka na pumzi inashuka, kwa hiyo mama mwenye akili haiachi chupa ya mwanawe ipungue. Wengine wana watoto wakubwa, walikuwa wanasahau. Yeye hakusahau. Kuanzia Jumamosi alizijaza zote mbili, asubuhi, mchana na jioni. Maji ni ya kisima cha nyumbani, lakini aliyachemsha dakika ishirini, akayachuja kwa kitambaa kipya.

"Kwa nini hukumwita nesi akuongezee?"

"Ana vitanda kumi na vinane, baba. Nilisema nimpunguzie."

Dada Povu alikuwa amesimama ukutani, anasikia. Alimwomba Inspekta wasogee kidogo. Waliposogea hatua tano alizungumza haraka, macho chini. Akasema aandike kwamba aliyejaza ni yeye. Mama wa kitanda cha dirishani ameshakwenda zake na mtoto wake mzima. Huyu ana mtoto mmoja wa kusubiri, au hana hata mmoja, na kwa vyovyote vile atarudi nyumbani na mikono yake hiyohiyo. "Mimi ndiye niliyewafundisha kutazama mapovu," akasema. "Sikuwafundisha plasta. Niliona yatakuwa maneno mengi."

"Mistari haisemi hivyo," Inspekta akajibu. Angependa iseme hivyo. Alikuwa tayari kuandika neno la uongo kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, na hakujua mama keshafika nyuma yao.

"Afande. Yale maji uliyamwaga kwa nini?"

Inspekta aligeuka.

"Na yule wa kwanza?" mama akauliza. "Yake nayo ilikuwa imejaa."

Inspekta alimtazama Dada Povu, naye akatikisa kichwa akimwomba asiseme. Kisha Inspekta akamweleza mama. Alitumia maneno machache na hakuyazungusha: maji mengi yanasukuma zaidi, na pafu la njiti halihimili. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga ukelele wala hakuanguka. Alianza kuhesabu kwa vidole, Jumamosi mara tatu, Jumapili mara tatu, Jumatatu mara tatu, Jumanne alfajiri mara moja, na vidole vilipokwisha akabaki akivitazama.

Sheria inataka maelezo yasomwe kwa aliyeyatoa kabla hajayatia saini. Walirudi kwenye benchi, naye Inspekta akayasoma yote, mpaka kwenye kitambaa kipya. Alikuwa amefika mstari wa mwisho mlango wa ngazi ulipofunguliwa na Baba Pacha akaingia, shati limelowa jasho, macho yakitafuta. Akamwona Dada Povu yuko huru, bila pingu. Akamwona Inspekta na karatasi zake. Akakunja ngumi, akafungua.

"Inspekta, kama si huyu, umempata aliyemuua mwanangu?"

Inspekta alianza kuikunja karatasi ya maelezo.

"Amenipata, Baba Pacha," mkewe akasema. Kisha akaichukua karatasi, akainyoosha juu ya goti, akachukua kalamu, akauliza asaini wapi.